Nguo ya Kuazima

Mwaka 2009 dada yangu alipokea barua ya kurasa mbili kutoka halmashauri ya mtaa wake, mashariki mwa London, na jioni hiyo hiyo akanipigia simu. "Njoo unisomee hii, wewe ndiye uliyesoma." Nasema dada yangu; kwa hesabu za huku ni binamu tu, mtoto wa mama mkubwa, lakini tulilelewa nyumba moja kule Mji wa Kale, Mombasa, na hesabu hizo hatukufundishwa.

Walikuwa watu saba katika flati ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tano. Yeye na shemeji, binti wa miaka 11, wavulana wawili wa miaka 9 na 6, msichana wa miaka 3, na mtoto mchanga wa kiume aliyekuwa na miezi minne. Binti mkubwa alilala sebuleni kwenye kochi. Maana yake alilala wageni walipoondoka, na baba yake alipomaliza kutazama habari. Asubuhi aliamshwa na yeyote aliyetangulia kupita kwenda jikoni.

Barua ilikuwa na pendekezo. Halmashauri ilikuwa imekodi nyumba ya vyumba vinne vya kulala kwa mwenye nyumba binafsi. Familia ingehamia huko kwa miaka mitatu, na huenda muda ukaongezwa. Nafasi yao kwenye foleni ya nyumba kubwa ya kudumu ingebaki palepale. Lakini flati wangeirudisha, ipewe familia ndogo iliyokuwa ikikaa hosteli, na ule upangaji wao wa kudumu ungekoma. Kule wangekuwa wapangaji wa muda, na kodi yake, kwa kuwa nyumba ni ya mtu binafsi, ilikuwa karibu mara mbili na nusu ya ile waliyokuwa wakilipa.

Tulikwenda kuiona. Nyumba ya kawaida ya matofali, ngazi nyembamba, kiuani pana kamba ya kuanikia nguo. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na chumba kidogo, kitanda kimoja kikiingia hakuna tena. Binti aliingia, akafunga mlango, akakaa humo muda wote tuliokuwa tukizungushwa. Tulipoondoka ilibidi mama yake agonge.

Nilimshauri dada akatae. Nilikuwa na sababu, na mpaka leo sidhani zilikuwa sababu za kijinga. Upangaji wa kudumu ni kitu kikubwa kwa maskini wa Uingereza. Ulianzishwa na Sheria ya Nyumba ya 1980, na ukiwa nao halmashauri haikutoi mpaka ithibitishe mahakamani sababu inayokubalika kisheria. Mtu aliyewahi kuhamishwa hamishwa hautupi mkono kwa ahadi ya "huenda". Nilimwambia, mwenye nyumba akitaka nyumba yake baada ya miaka mitatu mtabaki na nini? Kodi ile shemeji ataiweza vipi akipata zamu zaidi kazini na ruzuku ikapunguzwa? Kisha nikamalizia kwa ile methali ambayo kwetu hufunga mjadala: nguo ya kuazima haisitiri matako. Dada akacheka. Akakataa nyumba.

Ya kudumu ilikuja 2017. Katikati hapo kila wiki aliingia kwenye mtandao kuomba nyumba zilizotangazwa. Watu wetu huita "kubidi", na kweli ilibidi, maana usipoomba unahesabiwa huna haja. Binti alikuwa na miaka 19 na ameshakwenda chuo mji mwingine. Hakuwahi kulala katika nyumba ile mpya isipokuwa likizo.

Miaka hii nimekuwa nikiigeuza geuza ile methali. Ni kweli nguo ya kuazima ina aibu yake: mwenyewe anaweza kukuvua hadharani. Lakini nani anayemshonea mtoto wa miaka 11 nguo ya maisha? Nguo zote za mtoto ni za muda. Kwetu gauni lilivaliwa na mkubwa, likashuka kwa wa pili, likaishia kwa mtoto wa jirani, na hakuna aliyesema halikumsitiri kwa kuwa halikuwa lake milele. Lilimsitiri alipokuwa na mwili ule. Nilipima nafasi ya nyumba kwa kipimo cha mtu mzima, anayetaka kujua atazeekea wapi. Aliyekuwa akibanwa hasa alikuwa mtoto, na miaka yake ya kuhitaji mlango wa kufunga ilikuwa michache kuliko foleni.

Sheria yenyewe ya msongamano inamwona mtoto kwa namna ya ajabu. Kipimo kinachotumika mpaka leo kimo katika Sheria ya Nyumba ya 1985, lakini hesabu zake zilirithiwa kutoka sheria ya 1935. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahesabiwi kabisa. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza 10 ni nusu mtu. Sebule inahesabiwa kuwa chumba cha kulala. Vyumba vitatu, watu watano. Sasa piga hesabu ya dada yangu mwaka ule: wazazi wawili, binti mmoja, watoto watatu nusu nusu, mchanga sifuri. Jumla nne na nusu. Kwa hesabu hiyo ya vyumba watu saba walikuwa hawajasongamana, na bado palikuwa na nafasi ya nusu mtu. Upo pia kipimo kingine, kinachotumiwa katika takwimu za serikali na na halmashauri nyingi kupanga foleni zao, kinachotoa chumba kwa wenzi, kwa kila mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, na kwa vijana au watoto wawili wawili kwa masharti ya umri na jinsia. Kwa hicho walihitaji vyumba vinne, wakipungukiwa viwili. Familia moja, siku moja, kwa kipimo hiki wako sawa, kwa kile wanapungukiwa na nusu ya nyumba.

Mchanga alipotimiza mwaka mmoja akawa nusu, jumla ikawa tano kamili. Kisha mvulana mkubwa akatimiza 10, na jioni ile ya keki na mishumaa familia ikavuka mpaka wa sheria. Sheria haikumwona dada kuwa mkosaji. Inakubali kwamba watoto hukua, na mpangaji aliyekwisha kuomba nyumba nyingine hana kosa kwa sababu ya hilo. Naipenda busara hiyo. Inajua kwamba msongamano mwingine hauletwi na uzembe wa mtu yeyote, unaletwa na kalenda. Ila baada ya kumsamehe mzazi haina haraka ya kumpa mtoto kitu.

Wapo wanaouliza: mbona sisi tulilala sita chumba kimoja na tukakua? Nimelisikia swali hili harusini, msibani, na kwa shemeji mwenyewe aliyekuwa mmoja wa hao saba. Jamani, tulilala sita, lakini hatukuishi sita. Nyumba ya Mji wa Kale haikuishia mlangoni. Kulikuwa na baraza, wazee wakikaa huko mpaka usiku. Kulikuwa na ua, na wanawake walikuwa na ua wao wa mazungumzo. Mvulana akianza kubalehe alihamia geto kwa jirani au kwa bibi mjane aliyetaka mtu wa kumlinda, na hakuna aliyeandika barua. Mtoto akilia, aliyesikia ni shangazi. Ghorofa ya tano London mtoto akikimbia kutoka chumbani hadi jikoni, wa chini anagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Dada yangu aliwafundisha wanawe kutembea kwa vidole. Nikiwa kule nami hutembea hivyo.

Hapa nafika penye ugumu. Nikisema nafasi ifuate haja, kwamba nyumba kubwa ni ya wakati watoto wapo na baadaye ipite kwa wengine, nimekwisha kumpa silaha mtu nisiyetaka kumpa. Aprili 2013 serikali ya Uingereza ilianza kupunguza ruzuku ya kodi kwa wapangaji wa umri wa kufanya kazi wenye chumba cha ziada: asilimia 14 kwa chumba kimoja, asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Watu wakaiita kodi ya chumba. Hoja yake ilikuwa hiyo hiyo: wapo waliobanwa na wapo wenye vyumba vitupu, basi wenye vitupu wasogee. Mama ambaye mwanawe amehama akatozwa kwa chumba cha mwanawe, na mara nyingi hakukuwa na nyumba ndogo ya kuhamia hata angetaka.

Kwa muda nilidhani siwezi kushika lile bila kushika hili. Sasa nadhani naweza. Kodi ya chumba ilianza kwa kumnyang'anya mmoja ikitumaini mwingine atapata. Ile barua ya 2009 ilianza kwa kutoa: nyumba ipo, ufunguo huu hapa, hamia kwanza. Mtu aliyekwisha kupewa anaweza kuulizwa kwa haki siku moja arudishe. Aliyetishwa arudishe kabla hajaonyeshwa pa kwenda, huyo anasukumwa tu.

Lakini hata ile barua ilikuwa na kasoro, na hapo ndipo woga wangu ulikuwa na ukweli. Muda wake haukupimwa kwa mtoto. Ulipimwa kwa mkataba baina ya halmashauri na mwenye nyumba. Kama ingesema "nyumba hii ni yenu mpaka binti huyu afike miaka 18", ingekuwa ya muda na bado ingekuwa imara, na mimi ningekosa la kusema. Ilisema miaka mitatu na huenda. Hatari yote ya hiyo "huenda" aliwekewa mama wa watoto watano, wakati halmashauri na mwenye nyumba walikuwa na wanasheria wa kuibeba. Nyumba za muda hazina ubaya kwa sababu ni za muda. Kila mpango wa namna hii nauuliza jambo moja: siku ya kuondoka ikifika, nani atakuwa nje na mizigo?

Na kwa nini halmashauri ikodi kwa watu binafsi? Sheria ile ile ya 1980 iliyompa mpangaji usalama ndiyo iliyompa haki ya kuinunua nyumba kwa bei ya punguzo. Uingereza zimeuzwa karibu nyumba milioni 2 tangu hapo. Zilizonunuliwa upesi ni nyumba zenye bustani na vyumba vya kutosha. Flati za juu hazikukimbiliwa. Sitashangaa kama nyumba ile ya matofali iliwahi kuwa ya kaunsili, ikauzwa, na sasa inakodiwa na kaunsili kutoka kwa aliyeinunua. Wala simlaumu aliyenunua mwanzo. Hata dada yangu angenunua.

Kuna jambo la mwisho ambalo siku ile hatukulizungumza kabisa, na linanisumbua kuliko hayo yote. Ile familia ya hosteli. Barua iliwataja kwa sentensi moja, nami nikaisoma kwa sauti na kuipita. Tulipokataa, flati ya ghorofa ya tano haikuachwa wazi. Sijui walikuwa nani, lakini kwa kulinda haki ya kudumu ya dada yangu kukaa mahali palipombana, niliwaweka wengine hosteli kwa muda usiojulikana. Mtu atasema hilo si deni langu, ni deni la halmashauri. Sawa. Ila mimi ndiye niliyekuwa na kalamu mkononi siku ile, nikimjazia dada fomu ya kukataa.

Binti hajawahi kunilaumu. Sasa anakodi chumba chake, na nilipomsaidia kuhama aliniuliza ghafla, tukiwa tumebeba godoro, "Mjomba, ile nyumba ya ngazi, mimi ningepewa chumba gani?" Nikamwambia kile kidogo cha juu ya mlango. Akasema alidhani hivyo, tukaendelea kupanda.

Mwezi uliopita jirani mmoja, mtu wa Lamu, alinijia na barua inayofanana na ile, halmashauri nyingine, vyumba vitatu, miaka miwili. Alitaka nimwambie akubali au akatae. Nilimwuliza umri wa watoto kabla sijaifungua bahasha.