Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Wazee wa pwani walipouziana nafaka, waliulizana kwanza: ni kibaba cha tele au cha mfuto? Chombo kilikuwa kilekile; kilichobadilika ni mkono wa mpimaji, aidha akiache kifurike au akifute kilingane na ukingo. Aliyenunua kwa tele akauza kwa mfuto hakuhitaji kutoboa kibaba ili adhulumu.

Swali hilo linawahusu pia wanaopima maji kwa mwanga. Tuchukue vizimba vya kufugia samaki aina ya sato katika Ziwa Victoria kule Mwanza. Kihisi cha oksijeni kina kofia inayong'aa ikimulikwa. Kadiri oksijeni inavyozidi, ndivyo mng'ao unavyozimika upesi. Wakati wa ugezi, yaani kukirekebisha kifaa kwa kipimo kinachojulikana, kofia huachwa kwenye hewa iliyojaa unyevu, kifaa kikaambiwa hiyo ndiyo asilimia 100. Ya wapi, lakini? Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na maji ya joto hilohilo hushika kama 7.2 tu. Fundi akifanya ugezi Mwanza huku kifaa kimewekewa mgandamizo wa hewa wa Dar es Salaam, kitamsomea oksijeni ambayo samaki hawaipati. Alfajiri, oksijeni inapopungua kuliko saa nyingine, pengo hilo laweza kuua.

Kupima tope la maji kwa mwanga nako kuna masharti yake. Formazini, kimiminika cha kugezia kihisi cha tope, hutuama, hivyo chupa hugeuzwa polepole bila kutikiswa, kwani kihisi hakitofautishi povu na tope. Kioo cha kichupa cha sampuli kifutwe, alama yake ielekee upande uleule kila mara, jua lizuiwe. Kanuni ya ISO 7027 hutumia mwanga wa infraredi. Ile ya Marekani, EPA 180.1, taa ya tungsteni. Maji yaleyale yaweza kutoa namba mbili. Anayeanza mwaka kwa moja na kuumaliza kwa nyingine, kisha akatangaza kwamba mto umetakata, amechanganya tele na mfuto.

Ninachowapendea wazee ni kwamba hawakuiachia nia njema kazi hiyo. Hali ya kipimo ilitajwa wazi, mbele ya mnunuzi. Kwa kihisi, kutaja ni kuandika: joto, mgandamizo wa hewa, aina ya taa, siku chupa ya formazini ilipofunguliwa. Daftari lenye namba za tope peke yake haliwezi kulinganishwa hata na la mwaka jana.