Rupia Mbili Kwenye Bakuli la Chumvi

Fundi simu mmoja wa Pangani aliletewa na mjomba wake sarafu iliyofukuliwa kwenye msingi wa nyumba. Ilikuwa pana na nzito, imejaa ukoko wa kijivu, lakini simba alionekana kwa mbali. Sonara mzee aliigeuza kiganjani akasema, "Mwanangu, hii ni rupia mbili ya Mjerumani. Walizitoa mwaka 1893 na 1894, basi. Usiiguse mpaka aione mtu wa makumbusho."

Kijana hakusikia. Usiku ule ule alitia maji na chumvi kwenye bakuli, akakata waya wa chaja kuukuu, hasi akaibana kwenye sarafu na chanya kwenye kijiko cha stenlesi. Elektrolisisi aliisoma sekondari. Viputo vikapanda, maji yakageuka rangi ya chai, na harufu kali ikamkaba koo. Ile harufu ni klorini itokayo kwenye chumvi. Rangi ilitoka kwenye kijiko, kilichokuwa kikiliwa na umeme na kumwaga kromi yenye sumu majini. Mpwa wake mdogo alikuwa amelala chumba hicho hicho. Kwa hilo peke yake ningemlaumu, hata kama sarafu ingetoka ikimeremeta.

Haikumeremeta. Alipoipangusa, ukoko ulitoka kama tope jeusi. Simba akaenda nao, na mwaka pia.

Udongo wa pwani una chumvi, na kwa zaidi ya miaka mia chumvi hiyo ilikuwa ikiigeuza fedha ya juu kuwa kloridi. Shaba iliyochanganywa humo nayo ilichujuka, ikaacha vitundu. Ule ukoko haukuwa uchafu: ulikuwa sarafu yenyewe, na maandishi yalikuwa yamebaki humo. Katika maabara, umeme hafifu unaosimamiwa kwa makini unaweza kuirudisha kloridi kuwa fedha pale pale ilipo. Umeme wa pupa huzalisha hidrojeni chini ya ukoko, na viputo vyake huubandua vipande vipande.

"Shikamoo, babu," kijana alisema aliporudi kwa sonara.

"Marahaba." Sonara alivaa miwani, akaitazama pande zote, akaiweka kwenye mizani. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na gramu 23 na ushei. Sasa ilisoma 19. Akamlipa bei ya fedha ya kuyeyusha.