Dawa ya Deni ni Kibao?

Hebu nikuulize, msomaji mwenzangu: mtu akifa kwa ajili yako, nawe ukaipa barabara jina lake, je, deni limekwisha?

Usicheke. Shuka matatu pale tao, Nairobi, uzunguke kwa miguu nusu saa tu. Utakanyaga majina ya watu kadhaa waliofungwa ama kuuawa. Mkoloni, baada ya reli kufika hapa 1899, alizibatiza barabara majina ya wakubwa wake. Uhuru ulipokuja 1963, vibao vikaanza kubadilishwa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na baadaye Victoria Street ikawa Tom Mboya. Vizuri sana. Lakini tuvisome vibao hivyo polepole.

Tuanze na Kimathi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama. Serikali huru ikampa barabara, tena nzuri, katikati ya mji. Kumbe ile sheria ya mkoloni iliyoipiga Mau Mau marufuku ikaachwa palepale hadi 2003! Yaani kwa miaka mingi ungeweza kununua viatu Kimathi Street, huku kundi alilolifia Kimathi bado ni haramu. Sanamu yake ilisimamishwa 2007. Mjane wake, Mukami, alifariki 2023 bila kupewa mifupa ya mumewe, aliyoiomba miaka nenda miaka rudi. Jina lipo, mwenyewe hayupo.

Njoo kwa Tom Mboya. Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Government Road, akitoka duka la dawa. Barabara iliyopewa jina lake si ile aliyoangukia, ni ya jirani. Aliyoangukia ikaja kuitwa Moi Avenue, kwa heshima ya rais aliyekuwa hai. Mboya alingoja hadi 2011 kusimamishiwa sanamu karibu na pale alipouawa. Leo makanga hulitaja jina lake mara mia kwa siku akiita abiria. Mtu mmoja alihukumiwa kifo kwa mauaji yale. Kama alitumwa, na nani alimtuma, kibao hakisemi.

Halafu kuna Harry Thuku Road. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakidai Thuku aachiliwe. Wakamiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri kwamba watu 21 walikufa, na wengine walihesabu zaidi. Mmoja wao ni Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao. Thuku aliishi hadi 1970. Barabara ikachukua jina la aliyedaiwa aachiliwe, si la aliyekufa akidai.

Najua utaniambia, "Wee, afadhali jina kuliko kimya." Ni kweli, sibishi. Bila kibao mtoto hangemuuliza mamake, "Kimathi alikuwa nani?" Jina hulinda swali lisife. Hata hivyo, kulinda swali ni jambo moja, kulijibu ni jingine. Mimi naona kibao ni kama daftari la duka la mtaani: muuzaji ameandika jina lako na kiasi unachodaiwa. Kuandikwa si kulipa. Hatari ni pale mdaiwa anapolitazama daftari, akaona maandishi mazuri, akadhani mambo yamekwisha. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Na malipo hapa yanajulikana: mifupa irudishwe, ukweli usemwe, waliosahauliwa watajwe.

Haya si mambo ya kale. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walijaa barabara hizi hizi wakiupinga Mswada wa Fedha. Walipigwa risasi, na wengine hawakurudi nyumbani. Huenda siku moja mheshimiwa fulani akasimama na kupendekeza wapewe barabara yao. Nasi tunaojifunza kuandika huenda tukaombwa shairi la siku hiyo. Tuliandike, lakini kabla ya utepe kukatwa tuulize kwa sauti: nani alifyatua, nani aliamuru, na wamejibu wapi?