Mkopeshe Fundi Kijana

Benjamin Franklin alikwisha kuwa balozi wa Marekani mjini Paris, na jina lake lilivuma Ulaya nzima. Lakini alipoandika wasia wake alijitaja kwanza kuwa mchapaji, vyeo vikafuata nyuma. Sisi tunaoona haya kutaja kazi za mikono yetu, tutafakari hilo.

Shule alisoma miaka miwili tu. Akiwa na miaka 12 aliwekwa kwa kaka yake James, huko Boston, awe mwanagenzi wa uchapaji: kuokota herufi za risasi moja moja, kuzipanga kinyumenyume, kuzifunga kwenye fremu, kupaka wino, kuvuta mtambo. Alipofungua kiwanda chake Philadelphia, usiku mmoja fremu ilivunjika kazi ya siku ikiwa imekamilika, na kurasa mbili nzima zikavurugika. Hakulala mpaka alipozipanga upya herufi zote. Majirani walimwona akikesha kazini, na sifa hiyo ikamletea wateja.

Hata hivyo, bidii peke yake isingemwokoa. Deni la mitambo liliiva, akashtakiwa, na kiwanda kikawa hatarini kufilisika. Ndipo William Coleman na Robert Grace walipomwendea, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuombwa na bila mwenzake kujua, wakamwambia: fedha hizi hapa. Alichukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule, akasimama.

Wema huo hakuusahau hadi uzeeni. Mwaka 1789 aliongeza maneno katika wasia: Boston ipewe pauni 1,000, na Philadelphia pauni 1,000. Fedha hizo zikopeshwe mafundi vijana walio na ndoa, walio chini ya miaka 25, waliomaliza uanagenzi na wanaosifiwa kwa mwenendo mwema. Kila mmoja apate kati ya pauni 15 na 60, kwa riba ya asilimia 5, awe na wadhamini wawili, na arejeshe sehemu ya kumi kila mwaka. Kinachorudi akopeshwe mwingine. Mfuko uishi miaka 200! Mwandishi wa wasia huo alikuwa na miaka zaidi ya 80, na mwaka uliofuata akafariki.

Njia haikuwa nyoofu. Wakopaji wengine hawakulipa, hasa Philadelphia, na viwanda vikubwa vilipokuja uanagenzi wa zamani ukafifia, waombaji wakapungua. Mfuko haukufa. Boston ilitumia sehemu ya fedha zake, Andrew Carnegie akaongeza kiasi kama hicho, na mwaka 1908 shule ya ufundi yenye jina la Franklin ikafungua milango. Miaka 200 ilipotimia, 1990, Boston ilikuwa na karibu dola milioni 5, Philadelphia zaidi ya milioni 2. Sehemu ya fedha za Philadelphia ikawa ufadhili wa vijana wanaosomea ufundi.

Sasa nakugeukia wewe mwenye kiwanda cha uchapaji, wewe seremala, wewe mshonaji uliyekwisha kupata jina. Unamjua kijana aliyemaliza kujifunza, mikono yake hodari, na anachokosa ni mashine yake mwenyewe. Kila siku unampa pole. Pole hainunui mashine! Kaa na wenzako watatu au wanne wa fani hiyohiyo, changeni mnachoweza, hata kama ni bei ya cherehani moja. Andikianeni na kijana, tafuteni wadhamini wawili wanaomfahamu, mpangieni marejesho anayoyamudu. Atakaposita kulipa, mfuateni kwa upole lakini msimwachie, kwa sababu fedha ile tayari ni ya kijana anayemfuata.

Na wewe uliyekopeshwa, lipa. Usingoje kuwa tajiri ndipo ukumbuke. Mwanagenzi aliye nyuma yako anasubiri zamu yake, na fedha anayoisubiri iko mikononi mwako. Mrudishie mwezi huu.