Baitulmali Inapopunguka, Nani Atoe Kwanza?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeziumba mbingu na ardhi na kuviwekea vitu vyote mizani. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baadu: Kila dola, kubwa kwa ndogo, hufikiwa na siku ambayo matumizi yake yamepita mapato yake. Siku hiyo watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema: kodi na ziongezwe, kwani kazi za dola haziwezi kusimama. Fungu la pili husema: matumizi na yapunguzwe, kwani raia hana tena cha kutoa. Kila fungu lina hoja zake, na kila fungu humwona mwenziwe kuwa ni mjinga au dhalimu. Walakini sharia ya Kiislamu haikuanza na swali hilo. Imeanza na swali lililo kabla yake: mali hii ni ya nani, na ikipunguka ni nani apasiwaye kutoa kwanza?

Mali ya baitulmali si ya sultani, wala si ya mawaziri wake, wala si ya wale wakaao barazani kuigawa. Ni amana ya watu wote, aliye mjini na aliye shamba, aliye hai na atakayezaliwa. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alijifananisha katika mali hiyo na msimamizi wa mali ya yatima: akiwa na chake hujizuia asiiguse, na akiwa hana hula kwa kadiri ya wema. Hukumu hiyo asili yake ni Suratun Nisaa, aya ya 6. Na kila mwenye akili ajua ya kuwa mali ya yatima ikipunguka, msimamizi mwema hatangulii kumvua yatima shuka yake. Hutangulia kulifungua daftari lake mwenyewe, apate kujua imepungukia wapi.

Katika tarikh ya Uislamu kimo kisa kinachoidhihirisha hukumu hii kuliko maneno mengi. Mwaka wa 656 Hijria, nao ni mwaka 1258, Wamongoli waliuvunja mji wa Baghdadi na kumwua khalifa. Mwaka uliofuata wakawa wanaielekea Sham, na mjumbe akatoka huko kwenda Misri kuomba msaada. Likafanywa baraza mjini Kairo. Sultani alikuwa kijana mdogo, na mwenye amri alikuwa naibu wake Qutuz, ambaye punde si punde alikitwaa kiti mwenyewe. Vita vyataka fedha, na fedha hazikutosha. Wakuu wakauliza: je, yajuzu kuchukua mali za raia kwa ajili ya jihadi?

Barazani alikuwako Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mzaliwa wa Dameski, aliyeitwa Sultani wa Maulamaa, na umri wake yapata miaka 80. Hakusema kodi ni haramu, wala hakusema ni halali kwa hali yo yote. Alijibu kwamba adui akiingia nchi ni wajibu wa wote kumpinga, na yajuzu kuchukua kwa raia kitu cha kusaidia vita, walakini kwa masharti. Kwanza pasibaki kitu katika baitulmali. Kisha maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, hata kila askari abaki na farasi wake na silaha yake tu, akawa sawa na mtu wa kawaida. Ama kuchukuliwa mali ya raia, na hali mikononi mwa askari imo mali na vyombo vya fakhari, hilo halijuzu.

Zingatia, ewe msomaji, saa ambayo maneno hayo yalisemwa. Adui hakuwa mbali, naye alikuwa amekwisha uangusha mji mkuu wa Waislamu. Kama dharura ingaliweza kuhalalisha kila kitu, basi saa ile ingalihalalisha. Na pamoja na hayo sheikh yule mzee hakuiacha dharura ya dola iwe pazia la kufunika fakhari ya wakubwa. Wanatarikh wamesimulia kwamba Qutuz alitoza kodi mpya kwa ajili ya vita vile. Ushindi ukapatikana Ain Jalut, mwezi 25 Ramadhani mwaka wa 658, nao ni 3 Septemba 1260. Na Baybars, aliyetawala baada yake mwaka ule ule, jambo moja katika mambo yake ya kwanza lilikuwa kuzifuta kodi zile ili apate nyoyo za watu. Yaani hata yule aliyeutwaa ufalme kwa upanga alijua mahali palipokuwa na jeraha.

Lakini madaraka husahaulisha. Yasimuliwa kwamba Baybars huyo huyo baadaye alitaka fatwa ya kutoza raia wa Sham kwa ajili ya vita. Maulamaa wengi wakampa, ila Imam Nawawi akakataa. Akamkumbusha kwamba alikuwa mtumwa asiye na kitu, kisha Mungu akamruzuku ufalme, na sasa anao mamluki wenye mikanda ya dhahabu na wajakazi wenye mapambo. Akivitoa hivyo vyote na haja ikabaki, hapo atampa fatwa. Sultani akaghadhibika, na imamu akauhama mji wa Dameski. Imam Nawawi na Baybars walikufa wote wawili mwaka wa 676, nao ni 1277. Mmoja aliacha ngome, na mmoja aliacha vitabu visomwavyo hata leo katika misikiti ya pwani.

Asidhani mtu kwamba maulamaa hawa walikuwa watetezi wa kila asiyependa kulipa. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505, nao ni 1111, alisema waziwazi kwamba baitulmali ikiwa tupu na askari hawana cha kuwatosha, imamu anaweza kuwatoza matajiri kwa kadiri ya haja. Basi katika maneno yao yatoka mambo manne. Haja iwe ya kweli. Hazina iwe imekwisha kwa haki, si kwa wizi wala israfu. Wakubwa wawe wametangulia kutoa. Na mzigo uwaangukie wenye nguvu, kwa kadiri ya haja na si zaidi.

Mizani hiyo haikuwekwa kwa watu wa kale peke yao, na haki haibagui dola ya Kiislamu na isiyokuwa ya Kiislamu. Itazamwe nchi ya Kenya katika mwaka 2024. Deni la serikali lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Ukaletwa Bungeni Mswada wa Fedha uliokusudia kupata shilingi bilioni 346 zaidi, na ndani yake, ulipoletwa kwanza, palikuwa na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Kodi ya mkate iliondolewa baada ya makelele, walakini mswada wenyewe ukapitishwa tarehe 25 Juni. Siku hiyo vijana wakaingia katika jengo la Bunge, risasi zikalia, na katika machafuko ya siku zile makumi ya watu wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Tarehe 5 Julai Rais akatangaza shauri jingine: matumizi yapunguzwe kwa shilingi bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Mashirika 47 ya umma yavunjwe, washauri wa serikali wapunguzwe nusu, na fungu la ofisi za wake wa wakubwa liondolewe. Hapa ndipo mwenye kutafakari asimame kidogo. Ikiwa vitu hivyo viliweza kupunguzwa mwezi wa Julai, kwa nini havikupunguzwa mwezi wa Mei, kabla ya mkate wa maskini kutajwa na kabla ya mama mmoja kumzika mwanawe? Hiyo ndiyo mikanda ya dhahabu. Ilikuwako tangu mwanzo, ila haikuuzwa mpaka damu ilipomwagika. Na mwezi wa Disemba mwaka ule ule baadhi ya kodi zikarudi kwa sheria nyingine, kwani hazina iliyopunguka haijazwi kwa hasira za watu peke yake.

Walakini wale wasemao “punguza” nao wasijione wamesalimika. Kupunguza kuna mlango wa haki na mlango wa dhuluma. Mwaka huo huo wa 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56. Jambo moja katika ugomvi ule lilikuwa la madaktari vijana walio katika mwaka wa mazoezi: mapatano ya 2017 yaliwapa yapata shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwapa 70,000 kwa kuwa fedha hazitoshi. Huko nako ni kupunguza matumizi! Lakini anayelipa ni mgonjwa aliyelala bila ya tabibu, na mwenye ahadi iliyovunjwa. Mwenyezi Mungu ameamrisha ahadi zitimizwe, katika aya ya kwanza ya Suratul Maida. Basi asiyetaka kukata posho yake akakata dawa ya mnyonge, huyo naye ametoza kodi, ila ameitoza katika mwili wa mtu.

Na mlango wa tatu, ambao wakubwa huupenda kwa kuwa hauna makelele, ni mlango wa deni. Kukopa kwa haja si haramu. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikopa. Lakini deni la riba la dola ni kodi iliyoandikwa kwa jina la mtoto ambaye hajazaliwa na hawezi kuandamana. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliionyesha Misri njia nyingine: katika miaka saba ya neema akaweka akiba ndani ya mashuke, ili miaka saba ya ukame isiwakute watu mikono mitupu. Dola inayokula vyote mwaka wa mavuno haina udhuru mwaka wa njaa.

Tena wako wasemao kwamba uadilifu ni mzuri misikitini, lakini haujazi sanduku. Hao na wamtazame Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala tangu mwaka wa 99 hata 101, nayo ni miaka 717 hata 720. Alianza na nyumba yake: akazirudisha katika baitulmali mali ambazo jamaa zake wa Banu Umayya walijitwalia, na mkewe Fatima, binti wa khalifa, akatoa vito vyake. Kisha akawaondolea jizya watu waliosilimu. Liwali wa Misri alipolalamika kwamba mapato yatapungua, alimjibu kwamba Mtume aliletwa awe mwongozi, hakuletwa awe mtoza kodi. Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alieleza ya kwamba dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, na dola iliyozeeka katika anasa hutoza kingi ikapata kidogo, kwa kuwa watu huvunjika moyo wa kufanya kazi.

Enyi Waislamu, mawaidha haya si ya wakubwa peke yao. Mfanya biashara aandikaye hesabu mbili, moja ya kwake na moja ya mtoza ushuru, amemtwika jirani yake mzigo wake. Karani apokeaye zawadi kazini na akumbuke yule mtu aliyetumwa kukusanya zaka, aliyerudi na kusema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume alipanda juu ya mimbari akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi itamfuata huko. Na tajiri azuiaye zaka, fungu moja katika arubaini, hana uso wa kulaumu hazina ya dola na hali hazina ya maskini imo sandukuni mwake.

Hazina ikipunguka, basi, ulimi usikimbilie kusema “ongeza” wala “punguza”. Na iulizwe kwanza: mikanda ya dhahabu imeuzwa? Ikiwa bado, atakaye mkate wa raia ataka kisicho chake. Na ikiwa imeuzwa kweli, na haja ya watu imebaki, basi mwenye uwezo afichaye mali yake naye amewaibia wenziwe.

Mwenyezi Mungu awaongoze wenye amri wawe wasimamizi wema wa yatima wao, awape raia moyo wa kutoa kwa haki na ulimi wa kudai kwa haki, na awarehemu waliokufa kwa ajili ya mkate. Amin.