Binti Huyu ni wa Nani?

Soma kwa ajili ya somo hili: Luka 2:41–52, 1 Samweli 2:19, 1 Samweli 3:1–10, Zaburi 127:3, 1 Wakorintho 4:2, Wakolosai 4:14.

Fungu la kukariri: Luka 2:52.

Yesu alikuwa na umri wa miaka 12 wazazi wake walipompoteza. Walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Wakamtafuta kwa ndugu na jamaa, wasimwone. Na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Aliyeandika habari hii ni Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Ndiye pia anayekumbuka kusema kwamba kijana huyo alikua katika hekima na kimo pia, akimpendeza Mungu na wanadamu. Nyumba, walimu na tabibu wanakutana katika mafungu machache. Hata hivyo, isisahaulike jinsi kisa kilivyoanza: wazazi wema, wacha Mungu, walidhani kuna mtu mwingine anayemwangalia mtoto.

Dhana hiyo ipo katikati ya jiji la Dar es Salaam kila siku ya juma. Mzazi mwenye fremu au meza Kariakoo huondoka nyumbani Mbagala au Kimara kabla ya jua kuchomoza, na hurudi watoto wamekwisha kulala. Mwanafunzi anayesoma mjini hugombea daladala alfajiri, wakati mwingine akizuiwa mlangoni na konda kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Mchana wote mtu mzima anayemwona ni mwalimu. Muuguzi humwona siku anapougua. Mama hudhani shule imemfundisha mambo ya mwili wake. Mwalimu hudhani mama amekwisha kusema naye. Zahanati inangoja aletwe. Binti anabaki na simu na rafiki zake.

Hasara ya dhana hiyo inaonekana katika kata ya Kivukoni yenyewe. Pale, ikitazama bahari, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Wanawake hufika hapo kutoka mikoa mbalimbali kutibiwa kwa mionzi, na wengi wao wana saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wengi hufika wakiwa wamechelewa. Chanzo cha ugonjwa huo, karibu kila mara, ni kirusi kiitwacho HPV, kinachoenezwa kwa kujamiiana. Kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa hiyo mama wa miaka 40 aliyelala katika wodi ile huenda alipata kirusi hicho akiwa bado kijana, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na habari.

Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo umechaguliwa kwa sababu chanjo hii hukinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Wengi huipata shuleni: muuguzi anakuja na boksi lake la chanjo, mwalimu anapanga foleni. Mara nyingi anayekosekana ni mzazi. Mzazi husikia jioni, binti akilalamika kuwa mkono unauma. Au alikwisha kusikia wiki moja kabla, kwenye kundi la WhatsApp, kwamba chanjo inaua uzazi. Uvumi huo si kweli. Mamilioni ya wasichana wamechanjwa duniani na haijaonekana kuharibu uzazi. Lakini uvumi ulimfikia kwanza, na uliletwa na mtu anayemfahamu.

Miongoni mwa waumini lipo neno jingine, zito kuliko uvumi. Baba husema: “Binti yangu amelelewa kanisani. Chanjo ya ugonjwa wa zinaa ni ya nini kwake?” Si vema kumcheka baba huyu, maana anatetea jambo jema. Ila hoja yake ina tundu. Binti anaweza kujitunza mpaka siku ya ndoa, akaolewa na mtu aliyetubu maisha yake ya zamani, mtu ambaye Mungu amemsamehe kabisa, naye akaambukizwa katika ndoa takatifu. Wapo pia mabinti waliotendewa jeuri bila kuchagua lolote. Usafi wa binti haumkingi na historia ya mtu mwingine. Basi baba anayekataa anaamua jambo ambalo matokeo yake yatajulikana wakati yeye mwenyewe pengine amekwisha kulala mautini.

Hapo ndipo swali la somo hili linapouma: binti huyu ni wa nani? Zaburi 127:3 inajibu kwamba watoto ni urithi utokao kwa Bwana. Mzazi ni wakili. Mwenye mali huamua apendavyo. Wakili hutakiwa aonekane mwaminifu (1 Wakorintho 4:2), naye hana haki ya kukataa kuuliza. Lakini neno hilo linamgusa mwalimu na muuguzi pia. Nao ni mawakili, na wakili asiyemjulisha mwenzake anaharibu kazi hata kama ametenda sawa. Muuguzi anayemwona mzazi kuwa kizuizi cha kupitwa amemwachia binti mzigo wa kueleza nyumbani jambo ambalo watu wazima hawakutaka kuelezana. Na shule inayoita kikao cha wazazi Jumatano saa nne asubuhi, wakati Kariakoo imejaa wateja, isishangae viti vikibaki vitupu. Jumapili ingefaa zaidi.

Jambo la siri ni gumu zaidi. Mwaka 2019 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, umri wa kijana kujiamulia kupima VVU ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Wazazi wengine waliona wamenyang'anywa mtoto. Lakini kijana anayejua kwamba kila atakalosema litafika sebuleni kabla yake hatakwenda kabisa, na ugonjwa hautamsubiri. Siri ya muuguzi humfungulia mlango. Muuguzi mwema haishii hapo, humuuliza, “Nyumbani ni nani unayeweza kumwambia?” na hujitolea kuwapo wakati wa kusema. Eli alifanya kazi ya namna hiyo. Alipotambua ni nani anayemwita Samweli, hakujiweka katikati. Alimfundisha jinsi ya kuitika, akamrudisha mahali pake (1 Samweli 3:8, 9). Hana naye, ingawa mtoto alikuwa mikononi mwa mwingine, alipanda kila mwaka na joho dogo. Bila shaka alilazimika kujua amekua kiasi gani.

Siri ina mpaka, nao ni usalama. Binti akisema anadhuriwa, hasa na mtu wa nyumbani, mwalimu, muuguzi au mzee wa kanisa hana ruhusa ya kulimaliza kimya kimya ili kulinda jina la familia au la kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye ushahidi atoe taarifa, na simu namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Kwa majadiliano darasani: Katika kanisa lenu wamo walimu, wauguzi na wazazi wanaoketi benchi moja kila Sabato. Je, Idara ya Kaya na Familia na viongozi wa Watafuta Njia wamewahi kuwaketisha pamoja kabla hakujatokea tatizo? Mariamu na Yusufu hawakuelewa jibu walilopewa na mtoto wao (Luka 2:50), lakini walirudi naye Nazareti. Mzazi afanye nini na jibu la kijana ambalo bado halielewi?