Kwaheri Iliyochelewa

Kila kizuri kina kipimo chake. Asali hulambwa, hainywewi kwa kibuyu. Na hadithi njema hukoma msikilizaji angali akiitamani. Kwa hiyo urefu wa kazi ya sanaa si swali la ufundi peke yake, bali ni swali la maadili vilevile. Kwa kuwa anayemshika mtu kwa kazi yake hushika sehemu ya umri wa mtu huyo, na umri haurudishwi.

Mfano wa jambo hili ni Spiritfarer, mchezo wa video uliotolewa Agosti 2020 na Thunder Lotus Games, studio ya kujitegemea iliyoko Montreal, Kanada. Ndani yake msichana aitwaye Stella, pamoja na paka wake Daffodil, hurithi kazi ya Charon, mvushaji wa roho za wafu katika visasili vya Wayunani. Hupewa chombo, akasafiri kisiwa hadi kisiwa akiwapakia marehemu walio katika sura za wanyama. Huwajengea nyumba chomboni, huwapikia wapendavyo, huwakumbatia. Na kila mmoja awapo tayari, humpeleka kwa mashua ndogo mpaka Mlango wa Milele, wakaagana. Michoro yake yapendeza macho, muziki wake watuliza moyo. Ni vigumu kuukaribia mchezo huu bila ya kuupenda.

Walakini safari ni ndefu mno. Hupita saa 20 na zaidi kabla ya kufika mwisho. Magogo hupasuliwa mbao, mawe ya madini huyeyushwa, nyuzi hufumwa. Chombo hupanuliwa ili kibebe vyumba zaidi, na vyumba zaidi hudai mbao zaidi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mambo yamepinduka. Mgeni ni mchezo, mwenyeji ni mchezaji, na mgeni ndiye anayempa mwenyeji jembe. Mwaka 2021 waundaji waliongeza hata wahusika wapya bila ya malipo, kana kwamba upungufu wa safari ulikuwa ufupi wake.

Yamkini mtetezi atasema kuwa uchovu huo ndio somo, kwani kumuuguza mtu anayekufa si kazi ya saa moja. Hoja hii ina nguvu, na mchezo wenyewe unao uthibitisho wake. Alice, bibi mwenye sura ya kalunguyeye, huzidi kudhoofika. Huomba atembezwe polepole mpaka omoni. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mwishowe hamtambui Stella, bali humwita kwa jina la mtu mwingine. Marudio hayo hayachoshi, kwa sababu kila hatua ina mtu ndani yake. Lakini ubao wa mia haumfariji yeyote. Marudio ya kwanza ni upendo. Ya pili ni kujaza kibaba. Basi kosa haliko katika urefu, bali katika urefu usio na mtu.

Chanzo cha kosa hili si uchoyo. Katika soko la michezo wanunuzi wengi hulinganisha bei na idadi ya saa, na mwenye studio ndogo huogopa kuitwa bahili. Hivyo ukarimu hupimwa kwa wingi, mithili ya mama anayemshindilia chakula mtoto aliyekwisha kushiba. Nia yake ni njema, na mtoto huumwa tumbo.

Miongoni mwa abiria yumo Atul, chura mchangamfu apendaye chakula. Yeye hapelekwi mlangoni. Asubuhi moja hayupo, wala hakuaga. Na nyumba yake hubaki tupu chomboni. Mchezaji aliyechoka huondoka vivyo hivyo. Siku moja haufungui mchezo tena, bila ya kukusudia kuuacha. Hasara yake si ndogo, kwa maana mwisho wa safari ni Stella mwenyewe kuuingia Mlango wa Milele pamoja na paka wake, na kwaheri nyingine zote zilikuwa matayarisho ya hiyo. Mchezo uliofundisha kuwaachilia wapendwa kwa wakati wao ulichelewa kumwachilia mchezaji wake. Naye akaenda zake kabla ya kusikia neno ambalo safari yote ilifungwa kwa ajili yake.